Intaneti ya nyumbani Kibaha na Kisarawe: Chagua kwa kiwanja chako, si kwa bango

MIJI ya Kibaha na Kisarawe imekuwa kimbilio la watu wanaofanya shughuli zao Dar es Salaam lakini wanatafuta kiwanja cha kujenga nje ya jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika Mkoa wa Pwani, wakati ile ya mwaka 2012 ilikuta takriban milioni 1.1.

Anayehamia huko kwa kawaida huuliza mambo matatu kwanza: maji, umeme na barabara. Siku hizi limeongezeka swali la nne, nalo ni la intaneti.

Swali hilo si la anasa. Mzabuni anayewasilisha zabuni kupitia mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, hawezi kujitetea kwamba ukurasa uligoma kufunguka dakika tano kabla ya muda kufungwa. Mwanafunzi anayeomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kijana anayeomba kazi kupitia tovuti ya ajira serikalini, nao wanafahamu kwamba kuchelewa dakika moja ni sawa na kutoomba kabisa.

Pamoja na uzito huo, familia nyingi huchagua mtoa huduma kwa kutazama bango lenye namba kubwa ya kasi. Mwezi mmoja baadaye huanza lawama, kisha hununuliwa ruta ya kampuni nyingine, na pengine ya tatu. Fedha zinakwisha na tatizo linabaki palepale, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa la kampuni bali la mahali nyumba ilipo, au la kuta za nyumba yenyewe.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kasi ya intaneti ni mali ya njia nzima, kuanzia kiganjani mwa mtumiaji hadi kwenye kompyuta inayohifadhi ukurasa anaoutaka. Ni kama mabomba ya maji yaliyounganishwa: wingi wa maji yanayotoka bombani huamuliwa na bomba jembamba kuliko yote, hata kama mengine ni mapana kiasi gani.

Namba ya kwenye bango

Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, ambazo huandikwa Mbps. Faili na vifurushi hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti, yaani MB na GB. Baiti moja ina biti nane, hivyo kasi ya Mbps 20 hupakua megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde.

Kwa kasi hiyo, faili la MB 500 litahitaji zaidi ya dakika tatu hata kama kila kitu kinakwenda sawasawa. Mteja anayeona kompyuta yake ikionyesha 2.5 na kudhani ameibiwa, huenda anapata kila alicholipia.

Hesabu hiyo hiyo inafafanua kwa nini bando huisha upesi. Video yenye ubora mzuri inayotumia Mbps 5 humaliza takriban GB 2.25 kwa saa. Kifurushi cha GB 20 kitakwisha baada ya saa tisa hivi za kutazama, na kasi kubwa haikirefushi. Mara nyingi hukifupisha, kwa kuwa video nyingi hujipandisha ubora zenyewe zinapokuta njia pana.

Neno jingine la kutazamwa kwa makini ni "hadi". Tangazo linalosema "hadi Mbps 30" linataja kilele, wala haliahidi kiwango cha chini. Vifurushi vingi visivyo na kikomo navyo vina kikomo cha aina nyingine: baada ya kutumia kiasi fulani cha GB, kasi hushushwa hadi mwisho wa mwezi. Kiasi hicho ndicho kinachopaswa kuulizwa kabla ya bei.

Aidha, kasi ina pande mbili. Kupakua ni kuleta data nyumbani, na kupakia ni kuitoa. Matangazo hutaja kupakua. Anayefundisha kwa njia ya video, anayetuma michoro ya majengo au anayeendesha kamera za ulinzi anahitaji kupakia, na upande huo mara nyingi ni mwembamba zaidi, hasa kwenye huduma za laini za simu.

Kipo pia kipimo cha tatu ambacho hakiandikwi kwenye bango: muda ambao ujumbe huchukua kwenda na kurudi. Njia inaweza kuwa pana lakini ikachelewa kujibu. Mazungumzo ya video huharibika kwa ucheleweshaji huo kabla ya kuharibika kwa uhaba wa kasi. Watu wawili hukatizana maneno ilhali picha ni safi.

Kwa matumizi ya kawaida, mkutano wa video huhitaji kati ya Mbps 1 na 4, na filamu yenye ubora wa juu karibu Mbps 5. Nyumba yenye watu watano wanaotumia kwa wakati mmoja inatosheka na Mbps 20 hadi 30, mradi kasi hiyo ipatikane kweli. Mbps 20 zinazodumu ni bora kuliko 100 zinazoonekana alfajiri na kutoweka jioni.

Kibaha: mkongo unapita, je, unashuka?

Kibaha ipo takriban kilometa 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Nyaya za fiba zinazounganisha jiji na mikoa ya bara hufuata barabara kuu na njia za umeme, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza mwaka 2009, uliimarisha njia hizo. Usimamizi wa mkongo huo uko mikononi mwa Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL).

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwamba mkongo unapita mbele ya Maili Moja au Picha ya Ndege hakumaanishi kwamba kila nyumba ya eneo hilo inaweza kuunganishwa. Mkongo mkuu ni sawa na treni ya masafa: inapita kwa kasi mbele ya kijiji, lakini bila kituo hakuna abiria anayepanda wala kushuka.

Ili fiba ifike nyumbani, kampuni inapaswa kuwa na kituo cha karibu, waya wa usambazaji katika mtaa na kisanduku cha kugawia wateja. Kutoka kisanduku hicho ndipo waya mwembamba huvutwa hadi sebuleni. TTCL hutoa fiba ya majumbani kwa jina la Faiba Mlangoni Kwako, na zipo kampuni binafsi zinazofanya kazi hiyo katika miji mbalimbali. Kwa kila moja, swali la maana ni kisanduku kilicho karibu na kiwanja kiko wapi, na kama bado kina nafasi.

Umbali wa mita mia tatu unaweza kutofautisha nyumba mbili. Iliyopo jirani na barabara ikaunganishwa ndani ya siku chache, na iliyopo ndani kidogo, kuelekea Pangani au Viziwaziwa, ikaambiwa isubiri mradi ambao haujapangiwa tarehe.

Palipo na fiba, ndiyo chaguo la kwanza kwa nyumba inayotegemea intaneti kwa kazi. Mwanga ndani ya waya hausumbuliwi na mvua wala na ukuta wa jirani. Faida nyingine ni kwamba mfumo unaotumika zaidi majumbani hauhitaji umeme katikati ya njia. Umeme ukikatika mtaani, ruta yenye kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme inaweza kuendelea kufanya kazi, mradi kituo cha kampuni nacho kina umeme wa akiba.

Hata hivyo, fiba nayo hugawanywa. Katika mfumo huo, waya mmoja wenye uwezo wa takriban Mbps 2,500 huhudumia nyumba 32 au 64. Wote wakitumia kwa pamoja, kila mmoja hubakiwa na takriban Mbps 78 au 39. Kiwango hicho kinatosha nyumba ya kawaida, lakini kinaonyesha kwamba ahadi ya Mbps 200 kwa kila mteja hutegemea majirani kutotumia kwa wakati mmoja.

Adui mkubwa wa fiba ni jembe na mtambo wa kuchimba. Kipande cha Kimara hadi Kibaha cha Barabara ya Morogoro, chenye kilometa 19.2, kilipopanuliwa kuwa cha njia nane, kilionyesha ukubwa wa kazi zinazofanyika kando ya barabara ambako mabomba, nguzo na nyaya hupita. Mteja wa fiba anapaswa kuuliza: waya ukikatwa, huduma hurudi kwa njia nyingine au wote husubiri mafundi?

Kisarawe: vilima, misitu na kivuli cha mawimbi

Kisarawe ina hali tofauti, ingawa haiko mbali zaidi na jiji. Mji huo umekaa juu ya vilima vya Pugu, na kati yake na Dar es Salaam upo msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi. Nyumba nyingi zimetawanyika katika mabonde na miinuko, na katika kata za mbali kama Maneromango umbali kati ya kaya na kaya ni mkubwa.

Kampuni inayovuta fiba hupiga hesabu ya wateja kwa kila kilometa ya waya. Hesabu hiyo inaipendelea mitaa iliyobanana na kuipa mgongo ile iliyotawanyika. Hivyo tangazo kwamba huduma imefika Masaki linaweza kumfurahisha mkazi wa Masaki ya jijini, na lisimhusu kabisa mkazi wa Masaki ya Kisarawe.

Kwa kaya za namna hiyo, njia ya kawaida ni ruta inayotumia laini ya simu. Kampuni za Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL zote zina minara ya simu, na swali linahama kutoka kwenye waya kwenda kwenye mawimbi.

Mawimbi ya simu husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Kilima kilicho kati ya nyumba na mnara huacha kivuli, kama mti unavyozuia jua. Majani mabichi yaliyolowa mvua hupunguza nguvu ya mawimbi, na paa la bati huzuia yale yanayotoka juu. Ndiyo maana nyumba mbili zinazotazamana katika bonde moja zinaweza kuwa na majibu mawili tofauti kuhusu kampuni ile ile.

Masafa nayo yana tabia zake. Yale ya chini, kama megahezi 700 na 800, hufika mbali na hupenya kuta, lakini hubeba data kidogo. Ya juu, kama megahezi 3,500 yanayotumika kwa 5G, hubeba nyingi lakini huishia karibu. Teknolojia ya 5G ilizinduliwa kibiashara nchini na Vodacom mwaka 2022, na wengine wakafuata. Kununua ruta ya 5G kwa nyumba iliyo nyuma ya kilima, kilometa kadhaa kutoka mnara, ni kununua jina. Kifaa kitarudi kwenye 4G au chini yake.

Kwa mkazi wa aina hii, jambo lenye faida kubwa kuliko kubadili kampuni ni mahali pa kuweka ruta. Ijaribiwe kila dirisha, na upande unaotazama mnara ndio uchaguliwe. Ruta nyingi zina ukurasa wa mipangilio unaoonyesha nguvu ya mawimbi ya 4G kwa dBm: karibu na -80 au -90 ni nzuri, na chini ya -110 ni dhaifu. Ikibaki dhaifu kila mahali, antena ya nje iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa mnarani inaweza kuleta mabadiliko makubwa, ikiwa ruta ina mahali pa kuichomeka.

Vistari vitano si kasi

Malalamiko yanayosikika sana ni haya: "Mawimbi yamejaa lakini intaneti haiendi." Kauli hiyo haina ukinzani wowote. Vistari kwenye simu huonyesha jinsi mnara unavyosikika, si jinsi ulivyo na shughuli.

Mnara una uwezo wenye mpaka, na uwezo huo hugawanywa kwa kila anayetumia wakati huo. Mchana, wakazi wengi wa Kibaha na Kisarawe wako kazini Dar es Salaam. Jioni wanarudi, na kuanzia saa moja hadi saa nne usiku mnara uliokuwa na nafasi huelemewa. Mitaa ilikua haraka kuliko minara ilivyoongezwa, na dalili yake huonekana saa hizo.

Tofauti hii ndiyo inayoelekeza tiba. Mawimbi yakiwa dhaifu saa zote, tatizo ni umbali au kizuizi, na antena inaweza kusaidia. Mawimbi yakiwa na nguvu lakini kasi ikishuka jioni tu, tatizo ni msongamano, na hakuna antena wala ruta ghali itakayouondoa. Hapo ndipo kubadili kampuni kuna maana, kwa kuwa kampuni nyingine inaweza kuwa na wateja wachache au masafa mapana zaidi katika mnara ule ule.

Kauli ya "mnara ule ule" ina uzito wake. Minara mingi nchini inamilikiwa na kampuni maalumu za minara, mfano Helios Towers, zinazoikodisha kwa kampuni za simu. Kaya inayoweka laini mbili za kampuni tofauti kama kinga inaweza kugundua, siku umeme wa mnara unapokwisha, kwamba zote mbili zilikuwa zimening'inia mahali pamoja. Kinga ya kweli ni njia mbili tofauti, kwa mfano fiba na laini ya simu.

Chini ya bahari

Ipo siku ambayo kila kitu nyumbani ni kizima, mnara hauna msongamano, na bado kurasa hazifunguki. Sababu inaweza kuwa maelfu ya kilometa kutoka Kibaha.

Hadi mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na dunia yalitegemea zaidi setilaiti zilizo takriban kilometa 36,000 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, na jibu kurudi kwa njia ile ile, kulichukua karibu nusu sekunde kwa safari peke yake. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Gharama zilishuka na kasi ikapanda.

Mei 12, 2024, mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kwa wakati mmoja baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Kwa siku kadhaa huduma ziliyumba, na Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili kutokana na hali ya mtandao. Wakati wa tukio kama hilo, ruta mpya ni hasara tupu.

Hali kadhalika, intaneti inapozimwa, mteja hawezi kujiokoa kwa kuhama kampuni. Ndivyo ilivyokuwa siku ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, ilipokatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Kanuni ni nyepesi: kampuni zote zikigoma kwa pamoja, tatizo haliko nyumbani.

Umbali huo wa baharini unaeleza pia kwa nini kipima kasi kinaweza kuonyesha namba nzuri huku tovuti fulani ikijikokota. Vipimo vingi hupima safari ya kutoka nyumbani hadi kompyuta iliyopo Dar es Salaam. Tovuti iliyohifadhiwa Ulaya iko zaidi ya milisekunde 100 kwa kwenda na kurudi, na kila picha katika ukurasa inaweza kulazimika kusafiri umbali huo.

Setilaiti za kizazi kipya, zinazozunguka takriban kilometa 550 tu kutoka ardhini, zimepunguza sana ucheleweshaji wa zile za zamani. Nchini Kenya huduma ya Starlink ilianza mwaka 2023. Kwa shamba la mbali Kisarawe teknolojia hiyo ina mvuto wa wazi, lakini kabla ya kununua kifaa cha aina yoyote ni lazima kuthibitisha kwamba mtoa huduma ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Asiye na leseni hana wa kushitakiwa huduma inapokatika.

Kupima bila kumwita fundi

Kabla ya kulaumu au kununua, mwenye nyumba anaweza kutafuta mahali njia ilipobana kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni cha ndani ya nyumba. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya na kasi ipimwe, kisha ipimwe tena bila waya kutoka chumbani. Kama kwa waya ni Mbps 25 na chumbani ni 4, kampuni haina kosa. Mawimbi ya Wi-Fi yanashindwa na kuta za tofali za saruji. Ruta isogezwe katikati ya nyumba, iwekwe juu, mbali na jokofu, na vifaa vilivyo karibu nayo vitumie masafa ya gigahezi 5. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, lakini ndiyo yanayogombaniwa na ruta za majirani.

Kwa ruta ya laini ya simu upo mgongano: dirishani husikia mnara vizuri, katikati ya nyumba huhudumia vyumba vizuri. Suluhisho ni kuiacha dirishani na kuvuta waya hadi kifaa cha pili cha Wi-Fi katikati.

Kipimo cha pili ni cha saa. Kasi ipimwe saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku, kwa siku tatu. Ikishuka jioni tu, ni msongamano. Ikiwa chini saa zote, ni mawimbi dhaifu, kifaa, au kasi iliyoshushwa baada ya kikomo cha matumizi.

Kipimo cha tatu ni cha umbali. Programu nyingi za kupima kasi humruhusu mtumiaji kuchagua kompyuta ya kupimia. Ichaguliwe ya Dar es Salaam, kisha ya London au Johannesburg. Ya ndani ikiwa nzuri na ya nje mbaya, tatizo liko kwenye njia ya kimataifa ya kampuni, na hilo ni la kampuni kujibu.

Kwa anayetaka kuchagua upya, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni laini za simu. Anaweza kuchukua laini za kampuni mbili au tatu, za kwake au za ndugu zake, akanunua bando la siku kwa kila moja na kupima akiwa ndani ya nyumba yake saa mbili usiku. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ruta iliyofungwa kwa kampuni moja. Jirani anayetumia huduma hiyo naye ni shahidi bora kuliko wakala, kwa sababu wakala hulipwa kwa mauzo na jirani halipwi.

Maswali kabla ya kusaini

Mteja asiye na haraka atauliza mambo machache na kutaka majibu kwa maandishi. Kasi iliyotajwa ni ya juu kabisa au ya uhakika? Inashuka baada ya GB ngapi, na hushuka hadi ngapi? Kasi ya kupakia ni ipi?

Ruta ni ya nani mkataba ukiisha, na inakubali laini ya kampuni nyingine? Nani analipia waya kutoka kisandukuni hadi nyumbani? Fundi anatoka Kibaha au Kisarawe kwenyewe, au anasubiriwa kutoka jijini? Mkataba ukivunjwa kabla ya muda kuna faini gani?

Huduma inapokuwa tofauti na ilivyoahidiwa, hatua ya kwanza ni malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, na mteja atunze namba ya malalamiko hayo. Asiporidhika, anaweza kuyafikisha TCRA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo ilianzisha pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili ya kutetea maslahi ya watumiaji.

Daftari la vipimo, lenye tarehe, saa na kasi, lina nguvu kuliko hasira. "Intaneti yenu mbovu" ni kauli ambayo kampuni imeizoea. "Kwa waya, hadi seva ya Dar es Salaam, siku kumi mfululizo saa mbili usiku nimepata Mbps 3 kati ya 20 nilizolipia" ni madai yanayohitaji jibu.

Kwa wale ambao fiba bado iko ng'ambo ya barabara, umoja nao ni nyenzo. Kampuni huvuta waya inapoona wateja, na maombi ya kaya thelathini za mtaa mmoja yaliyowasilishwa kwa pamoja, yakiwa na ramani na namba za simu, huibadilisha hesabu ya kilometa kwa mteja. Ombi la kaya moja hubaki kwenye orodha ya kusubiri.